Taksiri Si Kadari

Iko rai moja iliyokaa katika nyoyo za watu wetu, wa pwani na wa bara, Waislamu na Wakristo, wasomi na wasiosoma, kwa muda mrefu hata ikahesabiwa kuwa sehemu ya adabu njema. Nayo ni kwamba mama akifa katika uzazi, au akitoka wodini na jeraha linalomfanya ashindwe kuzuia haja zake, au mtoto akizaliwa bila kulia na baadaye akashindwa kuketi, kusimama na kusema, basi jamaa waungwana ni wale wanaopokea makiwa, wakanyamaza, wakarudi kwao. Husemwa kwamba mjamzito ana mguu mmoja duniani na wa pili kaburini. Husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Na yule mume athubutuye kuuliza daktari aliitwa saa ngapi na alifika saa ngapi hutazamwa kama mtu aliyepungukiwa na imani, na akiendelea mbele, akatafuta wakili na kufungua daawa, huambiwa kwamba ametamani kuuza damu ya mkewe. Wako pia watetezi wa rai hiyo wasioitegemeza juu ya dini hata kidogo, nao husema kwamba mashitaka yatafilisi hospitali zetu maskini, yatawatia hofu wakunga wachache tulio nao, na yatatuletea maradhi ya Marekani ambako kila kilio cha mtoto kina wakili wake. Mimi naikataa rai hii katika sura zake zote, wala siikatai kwa sababu siwapendi wakunga na matabibu, bali kwa sababu naona kwamba ukimya huu tunaouita subira umeua mama na watoto wengi kuliko umaskini peke yake ungalivyoweza kuwaua.

Nianze na hoja ya kadari, maana ndiyo nzito nyoyoni. Imepokewa katika hadithi mashuhuri kwamba mwanamke afaye kwa uzazi anapata daraja ya shahidi, na jamaa wengi wamefarijika kwa habari hiyo katika usiku wao mgumu, nami sina neno la kuwapunguzia faraja yao. Lakini hadithi iyo hiyo inamtaja pia aliyezama majini na aliyeangukiwa na jengo. Ilipozama Mv Bukoba katika ziwa Viktoria mwezi wa Mei 1996, na ilipozama Mv Spice Islander katika mkondo wa Nungwi mwezi wa Septemba 2011, sikusikia mwanachuoni yeyote akisimama kusema kwamba, kwa kuwa waliozama wana daraja yao mbele ya Mola, basi isiulizwe vyombo vile vilipakia watu wangapi, na nani aliyeviruhusu kung'oa nanga. Tume ziliundwa, watu walihojiwa, na hapana aliyeona kwamba kuuliza kulikuwa ni kumpinga Mungu. Vipi basi swali lililo halali juu ya nahodha liwe haramu juu ya tabibu, na aliyekufa katika maji ya ziwa awe na haki ya kuulizwa ambayo aliyekufa katika damu yake mwenyewe, juu ya kitanda cha serikali, hanayo?

Na wale wanaodhani kwamba kudai fidia kwa taksiri ya tabibu ni bidaa iliyoletwa na mawakili wa Ulaya wangefanya vyema kurejea katika vitabu vya fikihi walivyovirithi. Abu Daudi amepokea hadithi inayomfanya mdhamini mtu ajitiaye katika utabibu hali hajulikani kwa utabibu; na mafakihi wakaifasili kwa insafu kubwa, wakatofautisha kati ya tabibu mjuzi aliyefuata kanuni za sanaa yake, mgonjwa akafa, ambaye hana dhamana, na yule aliyevuka mpaka au aliyepuuza lililomwajibikia, ambaye dhamana inamkaa. Hata mtoto aliye tumboni hakusahauliwa, kwani katika kadhia ya wanawake wawili wa kabila la Hudhail, mmoja wao aliyempiga mwenzake jiwe akamwua yeye pamoja na kilichomo tumboni, Mtume alihukumu dia ya mama, na kwa ajili ya mtoto akahukumu fidia ya pekee iitwayo ghurra. Basi watu waliokuwa na imani kubwa kuliko yetu hawakuona kwamba imani inafuta hesabu. Kazi ya Mungu haina makosa, nami nakiri. Lakini kazi ya zamu ya usiku inayo, na mwenye kuyatwika makosa ya zamu ya usiku juu ya Mwenyezi Mungu hamtukuzi, bali anamsingizia.

Tena kama vifo na majeraha ya uzazi yangalikuwa ni hukumu isiyokingika, yasingalipungua kwa sababu ya barabara, damu ya akiba na mafunzo. Uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Uchunguzi wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Katika hospitali 8 za Tanzania ambako wakunga walifundishwa kumsaidia mtoto asiyelia apate pumzi katika dakika yake ya kwanza, kwa kumkausha, kumchua na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Je, kadari ilibadilika mara tu semina ilipokwisha? Au tuseme lililo wazi, kwamba karibu nusu ya watoto wale waliokuwa wakizikwa kwa jina la kadari walikuwa wanakufa kwa kukosa mtu mwenye ujuzi na mfuko wa hewa karibu nao?

Sasa nije katika jambo ambalo watetezi wa ukimya aghalabu hawalijui, au wakilijua hawalisemi, nalo ni kwamba jeraha la uzazi, tofauti na misiba mingi, huacha maandishi. Mwaka 1972, katika mji wa Salisbury ambao leo ni Harare, madaktari wawili, Philpott na Castle, walichapisha chati waliyoitengeneza kwa ajili ya wakunga wa zahanati zilizo mbali na hospitali, mahali ambapo daktari hayupo na mtu wa kuamua ni mkunga peke yake. Chati hiyo, ambayo wodi zetu zinaiita patografu, ina mstari wa tahadhari unaopanda kwa kadiri ya njia kufunguka sentimita moja kila saa, na mstari wa hatua ulio mbele yake kwa saa nne. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa, na uchungu wa mama kila nusu saa. Na uchungu unapopita mstari wa kwanza, mkunga anajua bila ya kuuliza mtu kwamba wakati wa kuita gari umefika, na unapofika mstari wa pili, uamuzi hauwezi kuahirishwa tena. Shirika la Afya Duniani liliijaribu juu ya wanawake zaidi ya 35,000 huko Asia ya Kusini Mashariki, likaona uchungu wa kupita kiasi ukipungua, likaieneza ulimwenguni, na mwaka 2020 likatoa mwongozo mwingine wa kuufuatilia uchungu uliochukua mahali pake. Chombo hiki, kilichozaliwa barani kwetu na kwa ajili ya uhaba wetu hasa, kina faida ya pili ambayo waliokibuni labda hawakuikusudia: ni ushahidi. Mwenye kujua kuisoma karatasi ile ataona, saa kwa saa, ni wakati gani mtoto alianza kuchoka, ni wakati gani maji yalitoka machafu, na muda gani ulipita pasipo mtu kugusa tumbo la mama yule. Na hii ndiyo sababu wajuao wodi za wazazi wanajua pia kwamba patografu nyingi hujazwa baada ya mtoto kuzaliwa, kwa wino mmoja na mkono mmoja, na mara nyingine faili zima halionekani mara tu linapoombwa.

Fikirini habari ya fistula, maana hapana jeraha linaloisuta rai ya kadari kama hili. Uchungu pingamizi unapoachwa siku mbili au tatu, kichwa cha mtoto hukibana kibofu cha mama juu ya mfupa wa kinena, damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku kadhaa hung'oka na kuacha tundu ambalo mkojo hupita usiku na mchana bila idhini ya mwenye mwili. Mtoto mara nyingi amekwisha kufa. Mama hubaki akinuka, mume huhama, na nyumba za ibada humwia nzito. Reginald na Catherine Hamlin walifungua hospitali ya wanawake hawa Addis Ababa mwaka 1974, na katika Dar es Salaam hospitali ya CCBRT imewatibu wengi, hata ikafikia kuwatumia nauli kwa M-Pesa ili umbali usiwazuie. Lakini New York nayo ilikuwa na hospitali ya namna hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1855, na wanawake wa Marekani wenye jeraha hilo walikuwa tele. Leo ni nadra kumwona huko mwanamke aliyelipata kwa uchungu pingamizi, kwa kuwa upasuaji unamfikia mzazi kabla ya nyama kufa. Basi jeraha ambalo limeondoshwa kwa gari, kisu na saa, mahali ambapo vitu hivyo vinapatikana, haliwezi kuitwa kadari mahali ambapo vitu hivyo vilikuwapo na havikutumiwa.

Nitakuwa dhalimu nisipokiri yaliyo kweli katika upande wa pili, nami nayakiri kwa moyo mkunjufu. Si kila mtoto mwenye mtindio wa ubongo ameumizwa na mkunga. Daktari wa Kiingereza William Little aliunasibisha ulemavu huo na uzazi mgumu tangu karne ya 19, na Sigmund Freud, kabla ya kupata umashuhuri wake mwingine, akampinga kwa kusema kwamba huenda uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya dosari iliyoanza tumboni. Na uchunguzi wa baadaye katika nchi tajiri umempa Freud haki kwa sehemu kubwa. Kadhalika mama anaweza kutokwa na damu nyingi mikononi mwa watu waliofanya yote waliyopaswa kufanya. Mkunga mmoja aliyeachiwa wazazi wengi usiku kucha, bila daktari, bila damu na bila umeme wa kutegemewa, hawezi kuhukumiwa kwa mizani ya hospitali ya London. Lakini haya yote yanatufikisha wapi? Yanatufikisha mahali ambapo lazima tuulize, kila mara, kwa kila tukio, lipi lilikuwa la maumbile, lipi la uhaba, na lipi la taksiri. Na haiwezekani kutenganisha matatu hayo kwa kunyamaza. Anayesema kwamba matukio mengi hayana mkosaji, kisha akakataza uchunguzi ambao ndio utakaowatoa hatiani wasio na kosa, anaivunja hoja yake kwa mkono wake mwenyewe.

Juu ya tamaa ya fedha sina haja ya kurefusha. Mwezi wa Agosti 2013 mwanamke mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya serikali ya Bungoma, hapana aliyemsaidia, na wauguzi wakampiga na kumtukana, mambo ambayo yangalikanushwa hata leo kama mtu aliyekuwapo hapo asingaliyapiga picha. Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka Machi 2018, ikampa shilingi milioni 2.5 za Kenya na kuamuru aombwe radhi. Huko Nakaseke, Uganda, mama mmoja alifika hospitalini mwaka 2011 na uchungu pingamizi, daktari wa zamu hakupatikana kwa muda wa saa nyingi, kizazi kikapasuka, akafa. Mahakama ikawapa jamaa zake shilingi milioni 35 za Uganda mwaka 2015. Yeyote aonaye kwamba huu ni utajiri wa kumfanya mtu aivue heshima ya mkewe mbele ya kadamnasi, na aahirishiwe kesi mwaka baada ya mwaka, na ajaribu kwanza kupiga hesabu ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo: mazoezi ya viungo kila wiki, nauli ya kumbeba mgongoni hali amekwisha kuwa mzito, dawa za degedege, kiti cha magurudumu kinachobadilishwa kila akikua, na mama ambaye hatafanya kazi nyingine maisha yake yote kwa kuwa mtoto huyo hawezi kuachwa. Gharama hizi zipo, kesi iwepo isiwepo. Swali ni nani azilipe; na rai ya ukimya, ijapokuwa haisemi waziwazi, imekwisha kujibu kwamba azilipe mama.

Nakuja sasa katika hoja iliyo bora kuliko zote za upande ule, ile ya hofu na kufilisika, ambayo inastahili jibu la taratibu. Ni kweli kwamba Marekani madaktari wa uzazi hulipa bima kubwa, na ni kweli kwamba mashine za kusikiliza moyo wa mtoto mfululizo, zilizoenezwa kwa sehemu kwa kuogopa mashitaka, zimeongeza upasuaji bila ya kupunguza mtindio wa ubongo. Lakini nchi iyo hiyo ina somo la pili, ambalo wapinzani wangu hawalitaji. Chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani, kilipoona katika miaka ya 1980 kwamba daawa zinawaelemea, hakikukimbilia bungeni kuwafunga wagonjwa vinywa; kilifungua mafaili ya daawa zilizokwisha kumalizika, kikayasoma moja moja kutafuta mahali watu wanapofia, kikaona kwamba wengi wao wanaumia kwa kukosa hewa pasipo mtu kutambua mapema, na kanuni za kumwangalia mgonjwa, pamoja na kipimo cha oksijeni kidoleni, zikaenea. Vifo vikapungua, na bima ikashuka. Katika hospitali ya Southmead, Bristol, wakunga na madaktari walifanyishwa mazoezi ya pamoja ya kumtoa mtoto aliyekwama mabega, na majeraha ya watoto wa namna hiyo yakashuka toka asilimia 9.3 hadi 2.3. Daawa, basi, zinapoingia katika nyumba yenye akili, huwa ni elimu iliyokwisha kulipiwa kwa damu. Ni upumbavu mkubwa kuilipia kisha kuitupa.

Wajapani wametufundisha jambo jingine, nalo ndilo ninalolipenda zaidi. Mwezi wa Februari 2006 polisi wa Fukushima walimkamata daktari wa uzazi kwa sababu mama mmoja alikufa kwa damu mikononi mwake, kondo la nyuma likiwa limeshikana na kizazi. Madaktari nchini kote wakaingiwa na hofu, wengine wakaacha kazi ya uzazi, na mahakama ilipomwachia huru Agosti 2008 madhara yalikuwa yamekwisha kutendeka. Basi natangaza wazi kwamba mimi si katika wale wanaoshangilia mkunga akitiwa pingu mbele ya kamera, wala waziri akimsimamisha kazi muuguzi papo hapo ili wananchi wapate kupiga makofi. Huko ni kumtafuta mnyonge wa mwisho na kumtwika mzigo wa wakubwa wote waliokuwa juu yake. Wajapani walifanya nini? Tangu Januari 2009 wameanzisha bima ambayo humlipa mtoto mwenye mtindio mzito wa ubongo unaohusiana na uzazi yeni milioni 30, bila ya familia kulazimika kuthibitisha kosa la mtu, na kila tukio huchunguzwa na wataalamu, ripoti ikapewa familia na hospitali, na mafunzo yake yakachapishwa kwa nchi nzima. Fedha zimetengwa na hasira, na ukweli haukufichwa. Lakini mpango ule haukuanguka kutoka mbinguni. Ulizaliwa kwa sababu watu walidai, na madai yalipokuwa mengi ndipo serikali na madaktari walipotafuta njia iliyo bora kuliko mahakama. Nchi ambayo hapana adaiye haitaitafuta njia hiyo kamwe.

Na mkunga mwenyewe, huyu ambaye kwa jina lake tunaambiwa tunyamaze, anapata nini katika ukimya? Shirika la CEHURD lilipeleka ombi katika Mahakama ya Katiba ya Uganda mwaka 2011 kwa sababu ya mama wawili waliokufa, mmoja Arua na mmoja Mityana. Mahakama ikalitupa mwaka 2012 kwa kusema hayo ni mambo ya siasa, Mahakama ya Juu ikalirudisha mwaka 2015, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikahukumu kwamba serikali imekosea kwa kutotoa huduma za msingi za uzazi, ikaiamuru itenge fedha za kutosha. Hapana muuguzi aliyefungwa katika hukumu hiyo. Aliyesimamishwa kizimbani ni yule anayepanga bajeti, ambaye bila ya daawa asingalionekana kamwe, kwa kuwa katika wodi, saa nane ya usiku, sura inayoonekana na jamaa waliofiwa ni ya mkunga peke yake.

Hata Uingereza, yenye madaktari wengi na nidhamu ya kuandika, ukimya uliua. Katika hospitali za Shrewsbury na Telford, wazazi wa watoto wawili walikataa kuambiwa kwamba msiba wao ulikuwa wa pekee, wakakusanya habari za wengine, wakabisha hodi mpaka wakasikilizwa. Na ripoti ya mkunga Donna Ockenden ya Machi 2022 ikasema kwamba watoto 201 wangaliweza kuishi kama wangalipata uangalizi bora. Huenda wazazi wale nao walikuwa na majirani wa kuwashauri wamwachie Mungu.

Ninayoyataka si makubwa. Mama anapotoka hospitalini, akiwa hai au akiwa jenazani, nakala ya faili lake na ya patografu yake itoke pamoja naye, bila ya barua, bila ya wakili na bila ya kusihi. Na muda wa kudai utazamwe upya, maana Tanzania inamtaka mdai aipe serikali ilani ya siku 90 kabla ya kufungua daawa, na Kenya inampa anayedai taksiri dhidi ya serikali miezi 12 tu tangu haki yake ilipoanza. Mwanamke mwenye fistula hupitisha miezi hiyo 12 katika chumba cha uani, akifua matambara alfajiri kabla watu hawajaamka, akiamini kwamba amelogwa au ameadhibiwa, na siku anapofika mbele ya daktari wa kwanza kumwambia kwamba jeraha lake lina jina na lilikuwa na kinga, mlango wa mahakama umekwisha kufungwa. Basi na uhesabiwe muda wake tangu siku hiyo aliyoambiwa.